Visanduku Sitini na Kimoja vya Msitu wa Juu

Jumatatu, 3 Machi

Leo mashindano yameanza, na tayari nimedhulumiwa.

Niandike mambo kwa utaratibu, ili siku moja ijulikane nani alikuwa na haki. Baba mkwe wangu, mzee Armand Gervais, ana msitu wa miti ya maple mlimani, na chini yake banda la kuchemshia utomvu mpaka uwe shira. Kila mwaka humkabidhi mtu mmoja upawa mrefu wa chuma. Mwenye upawa husimama naye kwenye karai na ndiye husema shira imeiva. Mwaka huu mzee ana miaka sabini na sita na bega bovu. Hakuna asiyejua: atakayepewa upawa safari hii hataurudisha. Banda litakuwa lake.

Wagombea ni wawili. Mimi, Royce Pelkey, mume wa binti mkubwa, mtu wa akili na mipango. Na Verna, mdogo wake mke wangu, mtu wa miguu. Tena tunafanya kazi ofisi moja, pale juu ya duka la misumari. Namwona uso ule siku tano kwa wiki na Jumapili pia.

Kazi yetu ni visanduku. Kila mpira wa kupitishia utomvu una kisanduku chake kimepigiliwa mtini, kimeunganishwa na mtandao. Kikihisi joto, kinaamuru pampu ya msitu ivute, na pampu haiwaki mpaka visanduku hamsini viamuru kwa pamoja. Kasoro ni moja: baridi ikipita nyuzi kumi chini ya sifuri, kinalala, na hakiamki mpaka mtu aende akibonyeze kwa kidole. Kwa hiyo leo mkubwa wetu, Hollis Tatro, amevitumia vyote kazi kwa mbali: visome maelekezo mapya, viache kulala. Kila kisanduku kinatoa taarifa yake chenyewe kwenye ubao wa kompyuta. Inasubiri. Inaendelea. Imefaulu. Imeshindwa. Imekataa. Tatro alisema na jambo la pili, kitu kuhusu hali za mwisho, ila nilikuwa chini ya meza natafuta kalamu.

Mzee amegawa mwenyewe. Msitu wa juu wangu, visanduku sitini na kimoja. Msitu wa chini wa Verna, sitini na kimoja. Utomvu wa kwanza unatarajiwa Alhamisi. Atakayeuleta vizuri, upawa wake.

Saa kumi jioni: Verna, Imefaulu ishirini na mbili. Mimi, tatu! Mlima unaziba mtandao wangu, kila mwenye macho anaona. Nilimweleza Tatro kwamba huu ni upendeleo. Akasema vya juu ni vizito tu wa kusikia, vitafika vyenyewe kabla ya Jumatano usiku, mimi nisiviguse. Alirudia mara mbili, nisiviguse, kama anazungumza na mtoto karibu na jiko.

Halafu namba 17. Imekataa. Imekataa! Sababu: betri hafifu. Mimi nimeshakwenda kazini na homa, na mgongo, na siku moja na soksi za mke wangu, sijakataa. Kisanduku cha plastiki kinanikatalia.

Nyumbani mke wangu Claudette ameuiga mfumo. Kabandika orodha kwenye jokofu. Kuondoa theluji kibarazani: Inasubiri. Kurudisha ngazi ya jirani: Inasubiri. Daktari wa meno: Inasubiri, tangu Januari. Hiyo ya tatu ni kwa ajili ya jino langu la mbele, lililovunjikia kwenye donati iliyoganda ndani ya pikapu. Nilingoja atoke, nikaandika Imefaulu kwenye zote tatu. Aliporudi nikamwambia daktari ameshauri pengo lipumzike kwanza hadi joto lianze. Aliniangalia kidogo, akaendelea kumenya viazi. Amani nyumbani kwa sekunde nne! Nimelala nikiwaza.

Jumanne, 4 Machi

Mkutano Mkuu wa mji. Ofisi zote zimefungwa, watu wote ukumbini na mabakuli ya maharage. Tumejadili greda la barabara kwa saa moja na nusu. Greda ni lile lile tulilojadili mwaka jana.

Mzee Armand alinishika kiwiko karibu na birika la kahawa, akataka kujua visanduku vyake vimefikia wapi. Nikasema zaidi ya nusu. (Vilikuwa saba.) Verna alikuwa nyuma yangu na sahani, akacheka puani. Akaniambia shemeji, hiyo nusu yako umeipima kwa mita gani. Watu watatu walisikia. Nitawakumbuka.

Wakati wa chakula niliteleza kwenda ofisini peke yangu. Kila kisanduku kinapewa nusu saa tangu kianze kazi. Kikikaa kimya, ubao unaandika Muda Umekwisha, na jina langu linabaki pembeni kama la mhalifu. Nikagundua kitu kizuri. Naweza kuandika kwa niaba yake! Naandika Naendelea, kinaongezewa nusu saa. Nimekaa pale tangu saa sita hadi saa kumi nikiandika. Namba 20, Naendelea. Namba 21, Naendelea. Namba 22, Naendelea. Nikifika wa mwisho, wa kwanza anaanza kukata roho. Sijui wauguzi wanawezaje.

Matokeo: nimekosa hoja yangu mwenyewe. Nilikuwa nimeomba jirani yetu azuiwe kusukumia theluji yake upande wetu. Ilipofika zamu yangu, mwenyekiti aliita jina langu mara tatu. Hoja ikaanguka kwa kukosa mwenyewe. Claudette anasema jirani ndiye aliyepiga makofi kwa sauti kubwa kuliko wote, na kwamba bado anaulizia ngazi yake.

Jumatano, 5 Machi

Siku kubwa. Niandike taratibu.

Asubuhi: Verna arobaini na nane, mimi kumi na tisa. Baba mkwe alipiga simu ofisini akaomba kuzungumza na Verna. Na Verna! Niliposema ni mimi, akasema haidhuru, atapiga baadaye.

Kama naweza kuandika Naendelea, kwa nini nisiandike neno lingine? Nilijaribu kwa namba 17, yule mkaidi. Nikachagua Imefaulu. Nikabonyeza. Ubao haukuuliza hata swali moja. Ukageuka kijani.

Nikafanya cha pili. Nikafanya vitano. Kufikia saa tano ubao wangu wote ulikuwa kijani, sitini na kimoja kwa sitini na kimoja, kama majani ya Juni. Kwa kweli machozi yalinilenga.

Verna akaja nyuma ya kiti changu. Aliuliza namba 17 imefauluje na betri ile iliyokufa. Nikamjibu kwamba vifaa vina siku zao kama binadamu. Akakimbilia meza yake kuirudisha Inasubiri. Ubao ukamkatalia! Akaniangalia vibaya sana. Nilidhani ni wivu. Akasema, "Shemeji, unajua ulichokifanya?" Nikasema najua sana, nimeshinda. Akachukua betri mpya na viatu vyake vya theluji, akaenda msituni kumalizia vyake kumi na tatu kwa mguu. Mwenye wivu ajinyonge.

Jioni mzee alipiga tena, safari hii akinitaka mimi. Amesikia. Akasema, mkwe wangu, kumbe. Katika miaka kumi na tisa hajawahi kuniambia kumbe kwa sauti ile. Akaniambia chupa ya kwanza ya shira kutoka msitu wa juu huwekwa dirishani bandani, moja kila mwaka, tangu alipooa. Miti ile ilitobolewa mara ya kwanza na marehemu mkewe, Odile. Ziko chupa arobaini na nane. Akasema ya arobaini na tisa iko mikononi mwangu. Nikamwambia asiwe na shaka. Nilisema kweli, sikuwa na shaka hata kidogo.

Alhamisi, 6 Machi

Alfajiri, nyuzi kumi na nne chini ya sifuri. Saa tano, jua kali na nyuzi sita juu. Siku ambayo kila mwenye msitu huiombea.

Pampu ya Verna ikaanza kunguruma saa tano na dakika kumi. Nilikuwa bandani na mzee, nimevaa shati jipya. Tukasikiliza upande wa juu. Kimya. Mzee akainamisha sikio. Akauliza kama na yangu ni ya aina isiyopiga kelele.

Nikatoka kama mtu anayekwenda msalani, nikampigia Tatro. Nikamwuliza kinadharia. Tuseme mtu fulani ameandika Imefaulu kabla kisanduku hakijafanya kazi. Tatro akaeleza kwamba kisanduku kikiamka huuliza: kuna kazi yangu? Ubao hujibu: hakuna, umeshafaulu. Basi hakisomi chochote, na baridi ikizidi kinalala kama zamani. Jana usiku vingesoma vyenyewe, bila mtu kuvigusa. Nikasema basi mtu huyo fulani arudishe Inasubiri. Tatro akasema Imefaulu ni hali ya mwisho, ikishaandikwa hairudi nyuma, na kwamba alilieleza hili Jumatatu. Nilikuwa chini ya meza! Mtu hawezi kulaumiwa kwa yaliyosemwa juu ya meza!

Akasema mtu fulani avae viatu vya theluji akabonyeze kimoja kimoja. Tena haraka. Tena anisalimie huyo mtu fulani.

Nimepanda mlima ule na theluji ya mapajani. Kisanduku cha kwanza: bonyeza, kinaamka, kinawaka taa, kinaniangalia kama mimi ndiye niliyechelewa. Cha pili. Cha tatu. Nimepoteza glavu moja. Nimetumbukia kwenye korongo hadi kifuani, nikapoteza na kofia. Kila mti niliopita niliusikia ukidondosha utomvu, tone, tone, na mpira ukiuachia kwenye theluji maana hakuna wa kuuvuta. Hapo nilijisikia vibaya. Nakiri. Nilimwaza Odile, ambaye siku ya harusi yangu alinipakulia mara mbili bila kuombwa.

Nilipomaliza cha tisa nikaona mtu anashuka kutoka juu. Verna. Alishamaliza vyake tangu jana, na leo tangu saa tano alikuwa kileleni akivibonyeza vyangu vilivyolala kuelekea chini. Amefanya ishirini na vinne. Nilimwuliza kwa nini hakunipigia simu. Akasema, "Shemeji, simu yako ilikuwa inazungumza na Tatro." Kisha akasema, "Za mwizi ni arobaini. Wewe umeandika arobaini na mbili." Akabonyeza na tisa vilivyobaki huku mimi nikitoa theluji kwenye buti.

Pampu yangu ilianza saa nane na robo. Saa kumi na moja baridi ikarudi, utomvu ukakata.

Ijumaa, 7 Machi

Tangi la chini limejaa mpaka mdomoni. Tangi la juu, theluthi moja. Mzee alitumbukiza kijiti cha kupimia, akakitoa, akakiangalia, akakitumbukiza tena. Afadhali angefoka.

Verna hajanichongea. Badala yake kanipa masharti: nimwambie mzee mwenyewe kabla ya Jumapili, siku ambayo ukoo wote unakusanyika bandani kula shira juu ya theluji. Anajifanya muungwana. Hii ni mbinu chafu, maana sasa nikinyamaza mwenye hatia naonekana mimi.

Nimefikiri sana juu ya ukweli na faida zake. Zipo chache.

Wazo lilikuja wakati wa chakula cha mchana. Kindi! Kila mtu mlimani anajua kindi hutafuna mipira ya utomvu. Mpira ukitobolewa, pampu haivuti. Hakuna anayemwandikia kindi Imefaulu wala Imeshindwa. Hana hali. Yupo tu, mharibifu, na hana wakili.

Saa tisa nikapanda tena, mpaka namba 17, kwa kisasi. Nilikuwa na koleo ya kutengenezea alama. Koleo ikaacha alama ya koleo. Nikajaribu kisu. Alama ya kisu. Mwishowe nikafanya lililobaki. Nikauma. Mpira una ladha ya ndoo. Lakini alama zilitoka safi kabisa, ndogo ndogo, za mnyama. Nikakata kipande kile, nikampelekea mzee na kumwambia kwa uchungu: baba, angalia walichotufanyia.

Akakipokea. Akakigeuza kwenye mwanga. Alikaa nacho muda mrefu kuliko nilivyotarajia. Akauliza kama nilimwona kindi mwenyewe. Nikasema nilimwona mkia. Akakitia mfukoni.

Nimeshinda tena, nadhani. Verna nitamwambia Jumapili kwamba mambo yamebadilika.

Jumapili, 9 Machi

Sitaki kuandika. Naandika kwa sababu wengine watalisimulia vibaya.

Ukoo mzima bandani. Mvuke, donati, sahani za theluji safi. Mzee anamwaga shira ya moto juu ya theluji, inashika, unaizungusha kwa uma, unakula, halafu unauma tango la siki ili uweze kula tena. Nilikuwa wa tatu kwenye foleni. Nilikuwa nimeandaa hotuba fupi ya kupokea upawa.

Mzee alinipa tango kwa mkono wake mwenyewe. Akasema uma, mkwe wangu. Nikauma. Akasema nipe. Nikadhani ni desturi ya kukabidhiana. Akaingiza mkono mfukoni, akatoa kile kipande cha mpira, akakilaza kando ya tango mezani, chini ya taa. Akawaita watu wasogee.

Alama zilifanana kabisa. Meno, meno, nafasi, meno.

Mzee akasema kwa upole kwamba ameishi na kindi miaka sabini na sita, na huyu ni wa kwanza mwenye pengo. Banda lote lilipasuka. Shangazi wa upande wa Gervais alilazimika kukaa chini. Nikajitetea. Nikasema pengo hili linajulikana kisheria, daktari wa meno ndiye aliyesema lipumzike. Claudette, mke wangu wa ndoa, akasema kwa sauti iliyofika hadi kwenye magari kwamba daktari yule amehamia Florida tangu Novemba. Amejua tangu Jumatatu! Wiki nzima ananimenyea viazi na anajua! Kweli kikulacho ki nguoni mwako.

Ikabidi niseme yote. Niliyasema haraka. Watu waliacha kucheka nilipofika kwenye Imefaulu, na hilo lilikuwa baya zaidi.

Mzee akaenda dirishani. Akaiweka chupa ya arobaini na tisa mwisho wa mstari. Utomvu wa juu haukutosha kuijaza. Shira imeishia chini ya shingo. Chupa arobaini na nane zimejaa, moja imepungua vidole vitatu. Akasema Odile angetaka kujua ni mwaka gani huo, na yeye angelazimika kumwambia ni mwaka wa Royce. Nikaikunja hotuba yangu mfukoni.

Upawa kapewa Verna. Aliushika kama mtu aliyezaliwa nao. Alipopita karibu yangu akaninong'oneza kwamba alikuwa radhi tugawane, kama ningesema Ijumaa. Huruma ya mshindi! Hakuna tusi kubwa zaidi.

Jumatatu, 10 Machi

Nimetafakari. Kosa halikuwa langu. Kosa ni mfumo unaomruhusu mtu yeyote kuandika Imefaulu. Nimemwandikia Tatro hivyo, kurasa mbili. Akajibu ameshaufunga. Kuanzia leo, kisanduku tu ndicho kinachoweza kubadili hali yake. Ametuma kazi upya kwa vyangu vyote, na kwa kuwa ni vyangu, kila kimoja lazima kibonyezwe kwa kidole mtini ndipo kianze. Kidole kikawa changu. Verna, mwenye upawa na sasa mwenye ubao, ataangalia maendeleo yangu akiwa kwenye kiti chenye joto.

Nyuzi tisa chini ya sifuri. Theluji ya mapajani. Glavu moja.

Lakini mtu wa akili ni mtu wa akili. Kisanduku kinataka kidole. Hakuna aliyesema kidole kiwe wapi! Nilibonyeza vitano kwa uaminifu, nikaona upuuzi wake, nikatoa bisibisi. Nikavibandua hamsini na sita, nikavitia kwenye magunia mawili ya chakula cha farasi, nikashuka navyo hadi mkahawani, meza ya pembeni karibu na jiko la kuni. Kahawa. Donati laini. Bonyeza, bonyeza, bonyeza. Inaendelea, Inaendelea, Imefaulu. Kwa kweli, safari hii! Vyote hamsini na sita, ubao kijani, na soksi zangu kavu.

Simu ikalia. Verna. Anauliza kwa nini msitu wa juu una joto la nyuzi ishirini na nne wakati nje ya dirisha lake ni kumi kasoro moja chini ya sifuri. Nikamwambia mlima una hali ya hewa yake. Anauliza kwa nini pampu imewaka na inavuta barafu. Nikakata. Ikalia tena: Tatro. Ikalia tena: baba mkwe. Ikalia ikalia. Visanduku vinasema kila kitu! Mtu unaviokoa na baridi, unaviweka karibu na moto, vinakuchongea kwa watu watatu.

Nimefika nyumbani kwa njia ya nyuma. Claudette hayupo, lakini kwenye jokofu kuna karatasi mpya, mstari mmoja tu. Royce ajirekebishe: Inasubiri.

Nimeufuta. Nimeandika Imefaulu, kwa kalamu isiyofutika. Hali ya mwisho hairudi nyuma. Hilo nimelielewa vizuri sasa.